UZI: Kuchagua na kutumia programu ya nakala rudufu kwenye kompyuta ya nyumbani

Mwanzisha uzi (Lamu)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nimeona niandike kwa urefu, kwa sababu mwaka huu watu watatu wa mtaa wetu wa Mkomani wameniletea kompyuta zilizokufa wakiniuliza kama picha na hati zao zinaweza kuokolewa, na kati yao ni mmoja tu niliyeweza kumsaidia. Mimi si fundi. Ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye jioni hushughulika na kompyuta ya nyumbani. Lakini jambo lenyewe limenipata hata mimi, na nitaanza na hilo.

Katika kompyuta yetu tumehifadhi hati za mirathi ya babu, picha za familia, na lililo kubwa kuliko yote, sauti za marehemu nyanya yangu akisoma tenzi alizozihifadhi moyoni tangu utotoni. Nilimrekodi kwa simu usiku baada ya sala ya Isha, kisha nikazihamishia kwenye kompyuta. Nilikuwa na programu ya kuhifadhi nakala. Kila Ijumaa nilichomeka diski ya nje, nikasubiri ujumbe wa kwamba kazi imekamilika, nikaichomoa na kuirudisha kabatini. Kwa hiyo siku diski ya ndani ilipoanza kugonga na kompyuta ikakataa kuwaka, sikufadhaika. Nilinunua diski mpya, nikaanza kurejesha. Hati zilikuwapo. Picha zilikuwapo. Folda ya sauti ilikuwa imesimama pale ilipokuwa miezi 14 nyuma.

Sababu ilikuwa ndogo mno. Diski yangu ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, C na D, na C ilipojaa nilizihamishia sauti kwenye D ili kupata nafasi. Programu niliiagiza tangu siku ya kwanza ichukue folda za C peke yake, na mimi sikurudi kuiambia kwamba mambo yamebadilika. Ule ujumbe wa kila Ijumaa haukuwa uongo: ilikuwa kweli imekamilisha ilichoagizwa. Katika sauti za miezi hiyo 14 nilipata tisa tu, ambazo nilikuwa nimemtumia shangazi kwa WhatsApp naye hakuzifuta.

Tangu hapo nimekuwa nikichagua programu hizi kwa kuanzia siku ya kurejesha, wala si siku ya kuhifadhi. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, huuliza kama programu ni ya bure, kama ni nyepesi, na kama inajiendesha yenyewe. Hayo yana maana, lakini yanakuja baadaye. Swali la kwanza ni hili: kompyuta hii ikiibiwa leo, nami nimekaa mbele ya kompyuta ya jirani nikiwa na diski ya nje mkononi, nitafanya nini hatua kwa hatua mpaka faili ifunguke? Asiyeweza kulijibu swali hilo kuhusu programu yake, basi bado hajaifahamu.

Hapo ndipo programu zinapogawanyika mafungu mawili, na tofauti hii naiona kuwa kubwa kuliko zote. Fungu la kwanza huziacha faili zikiwa faili za kawaida kwenye diski ya nje. FreeFileSync ni ya fungu hilo, na File History iliyomo ndani ya Windows tangu Windows 8 ni ya fungu hilo pia: hii ya pili, kwa kawaida yake, hunakili kila saa faili zilizobadilika na kuongeza tarehe kwenye jina la kila nakala, kwa hiyo hata bila programu yenyewe unaweza kuchomeka diski kwenye kompyuta nyingine, ukatafuta kwa macho, ukafungua. Fungu la pili huzikatakata faili, huzibana, huzisimba kwa nywila (yaani huzigeuza zisisomeke bila neno la siri), na kuziweka katika vifurushi ambavyo programu yenyewe tu ndiyo inayoweza kuvisoma. Duplicati, Kopia na restic ni za namna hiyo. Faida yake ni kwamba hazirudii kuhifadhi kipande ambacho kimeshahifadhiwa, hutunza matoleo mengi katika nafasi ndogo, na mwizi wa diski hatapata kitu. Gharama yake ni kwamba nywila ikipotea, nakala imepotea pamoja nayo, na hakuna fundi Lamu wala Nairobi atakayeifungua.

Mimi natumia zote mbili, kila moja kwa diski yake. Diski inayokaa nyumbani ina faili za kawaida, ili mke wangu au mwanangu aweze kuzifungua hata nisipokuwapo. Diski inayokaa mbali na nyumba ina vifurushi vilivyosimbwa, kwa sababu itapita mikononi mwa watu.

Jambo la mbali na nyumba nalisisitiza. Wengi mmesikia kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh wa Marekani: nakala 3 za kila kitu, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mahali pengine. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimeshikana ukuta kwa ukuta, na nyingine zina mapaa ya makuti. Diski iliyo katika kabati la chumba kile kile chenye kompyuta itaungua pamoja nayo au itaibiwa pamoja nayo.

Ningependa kusikia wenzangu mnatumia nini, hasa walioko Malindi ambako maduka ya vifaa ni mengi kuliko kwetu.

Mchangiaji wa kwanza (Malindi)

Waaleikum salaam, mwalimu, na pole sana kwa sauti za bibi. Mimi ni mpiga picha za harusi, hapa na Watamu, na ningependa kuongeza mawili na kukupinga katika moja.

La kwanza ni hewa yetu. Chumvi ya bahari haichagui Lamu wala Malindi. Nimewahi kuchomoa diski iliyokaa mwaka mzima juu ya rafu karibu na dirisha, nikakuta tundu la waya limeota kutu ya kijani, na diski ikawa inaonekana na kupotea kila unapogusa waya. Siku hizi diski zangu hukaa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu na mikoba. Vifuko hivyo hushiba unyevu, kwa hiyo huvibadilisha mvua za masika zinapokwisha.

La pili ni kwa wapiga picha wenzangu. Kadi ya kamera haifutwi mpaka picha ziwe mahali pawili na niwe nimezifungua kumi au kumi na tano katika kila mahali. Bibi harusi hawezi kuombwa avae tena.

Ninalokupinga ni kwamba hukutaja hifadhi ya wingu, yaani kuweka faili kwenye intaneti, hata kidogo. Folda yangu ya kazi imeunganishwa na Google Drive. Nikibadilisha picha hapa inabadilika kule, na kompyuta ikiharibika nitaingia kwa simu nizikute zote. Kwa nini nihangaike na diski mbili?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, la kopo la plastiki nimelichukua leo hii, na nimekwenda kuzitazama diski zangu. Moja ilikuwa imeanza kutu.

Kuhusu wingu, umenisahihisha kwa haki, maana kulinyamazia lilikuwa kosa. Lakini naomba tutenganishe mambo mawili yanayofanana. Unayoieleza ni folda iliyosawazishwa: kinachotokea upande mmoja hutokea upande wa pili. Ukifuta folda ya harusi kwa bahati mbaya, inafutika kote. Ndiyo, Google Drive huweka vilivyofutwa kwenye pipa lake la taka, lakini kwa siku 30 tu, na harusi iliyofutwa leo huenda mwenyewe asiiulizie mpaka mwakani. Nakala rudufu ni ile inayobaki na hali ya jana hata kama ya leo imeharibika. Kwa hiyo programu yoyote mtakayoichagua, tazameni kwanza kama inatunza matoleo ya zamani na kwa muda gani. Time Machine, iliyokuja na kompyuta za Mac mwaka 2007, inafanya hivi vizuri sana: hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma yake mpaka diski ijae, kisha huanza kuondoa zilizo za kale zaidi.

Pia kuna hesabu ya intaneti. Mimi nina GB 300. Kasi yangu ya kupakia, siku ikiwa njema, ni megabiti 5 kwa sekunde. GB 300 ni megabiti 2,400,000. Gawanya kwa 5 upate sekunde 480,000, ambazo ni siku tano na nusu bila kusita na bila umeme kukatika. Inawezekana, kwa sababu programu kama Duplicati huendelea ilipoachia, na baada ya mara ya kwanza hupakia mabadiliko tu. Lakini ikumbukwe kwamba kurejesha nako kunapita njia hiyo hiyo, na mwenye kutumia bando la simu atalipia kwenda na kurudi.

Mchangiaji wa pili (Malindi)

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, sina diski ya nje wala sina uwezo wa kuinunua kwa sasa. Nina flashi moja ya GB 64 na kompyuta mpakato yenye Windows 10 niliyorithishwa na kaka yangu. Nimejaribu kunakili kila kitu kwenye flashi, nikaambiwa kwamba faili moja ni kubwa mno ilhali nafasi bado ipo. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Anza na lile la flashi: bila shaka imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia GB 4. Toa vilivyomo, iandae upya kwa exFAT, na tatizo litakwisha. Kuiandaa upya kunafuta kila kitu, kwa hiyo hakikisha kwamba vilivyomo viko kwingine kwanza.

La uwezo lina jibu jema kuliko unavyodhani. Kaa jioni moja utenganishe kisichopatikana tena na kinachopatikana tena. Filamu, muziki, programu, vitabu vya PDF ulivyopakua, vyote hivyo utavipata tena. Kazi zako za chuo, picha, vyeti ulivyopiga picha, na jumbe muhimu huvipati popote. Nilipofanya hivyo kwenye GB zangu 300, visivyopatikana tena vilikuwa GB 38. Kwako huenda visifike hata 10, na akaunti ya bure ya Google inakupa GB 15, ingawa barua pepe na picha za simu zinakula humo humo. Ya bure ya OneDrive ni GB 5. Basi kazi za chuo ziwe kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye wingu. Hizo ni nakala tatu, na hujatumia shilingi.

Kuhusu Windows 10, Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka, lakini usipoiandikisha katika mpango wa muda wa marekebisho ya usalama, mianya itabaki wazi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokuchelewa.

Mchangiaji wa tatu (Lamu)

Natoa tahadhari mbili kwa ufupi, kwa kuwa mimi natumia Linux, mfumo wa kompyuta mbali na Windows na Mac, na nimeona watu wakijikwaa.

Programu ya Timeshift ya huko Linux si ya kuhifadhi hati zako. Kazi yake ni kuurudisha mfumo wa kompyuta ulivyokuwa kabla ya kuharibika, na kwa mpangilio wake wa kawaida huziacha nje faili za folda yako ya nyumbani, ile yenye hati na picha zako. Kwa hati tumia Déjà Dup, au rsync kama huogopi kuandika amri.

Ya pili inawahusu wa Windows pia. Amri ya kunakili ya Windows iitwayo robocopy, ikiwa na /MIR, na ule mtindo wa kioo wa FreeFileSync, huifanya diski ya nje ifanane kabisa na kompyuta, maana yake hufuta kule kila kisichokuwapo huku. Ukichanganya upande wa kutoka na upande wa kwenda, unaiagiza diski tupu iifute iliyojaa. Katika FreeFileSync kuna sehemu ya kuchagua vilivyofutwa viende wapi. Chagua vihifadhiwe kama matoleo katika folda maalumu, wala visifutwe moja kwa moja. Na kabla ya kubonyeza, bonyeza kwanza kile cha kulinganisha usome orodha.

Mchangiaji wa nne (Malindi)

Swali langu ni kuhusu virusi. Mwezi uliopita nilipeleka flashi mahali pa kuchapisha, niliporudi nyumbani folda zote zilikuwa zimegeuka kuwa njia za mkato (shortcut). Diski yangu ya nje ilikuwa imechomekwa wakati huo, kwa sababu huwa siichomoi kamwe, ili programu ijiendeshe yenyewe. Nayo ikapata ugonjwa ule ule. Je, nimekosea kuiacha?

Mwanzisha uzi

Hukukosea kwa nia, ndugu yangu, kwa kuwa nakala inayojiendesha ni bora kuliko inayomngoja mtu akumbuke. Lakini diski iliyochomekwa muda wote ni sehemu ya kompyuta, na linaloipata kompyuta linaipata. Virusi hivyo vya njia za mkato, mara nyingi, huwa vimezificha tu folda zako halisi, kwa hiyo usifute chochote kwanza. Safisha virusi, kisha washa kuonyeshwa kwa faili zilizofichwa, na huenda ukazikuta zote. Vya kuogopwa zaidi ni vile vinavyosimba faili na kudai kikombozi. Mei 2017 programu moja ya namna hiyo, WannaCry, ilienea katika nchi nyingi kwa siku chache, na ilisimba hata vilivyokuwa kwenye diski za nje zilizochomekwa. Aliyekuwa na diski kabatini alisafisha kompyuta, akarejesha, akaendelea na kazi.

Njia ninayoiona inafaa ni kuwa na mbili: moja ichomekwe na ijiendeshe, nyingine ichomekwe mara moja kwa wiki au kwa mwezi na kuchomolewa kazi inapokwisha. Na ukiona jambo geni kwenye kompyuta, usiikimbilie ile ya pili. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine ambayo una uhakika nayo.

Mchangiaji wa kwanza (Malindi)

Mwalimu, nimekubali kuhusu kusawazisha. Nimeagiza diski ya pili. Hebu tueleze unavyojaribu kurejesha, maana umelitaja mwanzo ukaliacha, na mimi naogopa kujaribu nikaharibu zilizo nzima.

Mwanzisha uzi

Hofu yako ina msingi, kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutokurejesha kamwe juu ya faili zilizopo. Karibu kila programu hukuuliza kama irejeshe pale pa zamani au mahali papya. Chagua mahali papya, folda tupu uliyoiita kwa mfano JARIBIO.

Kila mwisho wa mwezi huchagua faili tano. Moja ni ya juzi, moja ni ya mwaka uliopita, moja ni kubwa kabisa, moja naichukua katika folda niliyoiunda karibuni, na ya tano ni toleo la zamani la hati ninayoibadilisha mara kwa mara. Huzirejesha, kisha huzifungua moja moja: sauti naisikiliza mwanzo, katikati na mwisho, picha naikuza, hati naisoma. Ile ya folda mpya ndiyo ingalinisaidia zamani, kwa kuwa ingalinionyesha mwezi ule ule kwamba D haimo. Baada ya hapo hulinganisha ukubwa wa folda kuu pande zote mbili. Kazi yote haizidi nusu saa.

Mara mbili kwa mwaka hufanya jaribio kubwa zaidi, la kurejesha kwenye kompyuta ambayo haikuwahi kuona nakala hizo. Duplicati huweka kwenye kompyuta yako orodha yake ya vilivyomo. Kompyuta ikifa orodha nayo imekufa, na programu inapaswa kuijenga upya kutoka kwenye vifurushi vyenyewe, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu nakala zikiwa nyingi. Ni bora kujua muda huo mapema. Jaribio hilo pia ndilo linalokuonyesha kama nywila uliyoiandika ndiyo yenyewe. Yangu imeandikwa kwa kalamu katika karatasi mbili, moja iko kwa mke wangu pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, nyingine iko kwa binamu yangu huko Malindi. Wenye Windows 11 watazame pia kama diski yao imefungwa kwa BitLocker, kifaa cha Windows cha kusimba diski nzima, kwa maana kompyuta nyingi mpya huja hivyo. Ufunguo wa kurejesha una tarakimu 48 na kwa kawaida huwekwa katika akaunti yako ya Microsoft. Uuandike kabla hujauhitaji.

Mwanzisha uzi (baada ya wiki tatu)

Nimerudi kuwapa habari. Diski ya mbali niliifunga ndani ya mfuko usiopitisha maji, ikavuka kwa boti mpaka Mokowe na kupanda basi la Malindi pamoja na shemeji yangu. Binamu aliweka Duplicati kwenye kompyuta yake, akachagua kurejesha moja kwa moja kutoka kwenye faili za nakala, akaandika nywila. Mara ya kwanza ilikataa. Tuligundua kwamba katika karatasi yake herufi moja ndogo niliiandika kana kwamba ni kubwa. Tumeisahihisha katika karatasi zote mbili.

Kuijenga orodha kulichukua dakika 50. Kisha alirejesha faili moja niliyomwagiza, ya nyanya akisoma, na kunipigia simu. Aliiweka simu karibu na spika, nikaisikiliza mpaka mwisho.